Mama, Unazijua Breki za Nyuma?



Mwezi huu hatuandiki habari za lishe ya mtoto wala za chanjo. Tunaandika habari za breki za gari. Huenda mama mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya akina baba na mafundi." Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka siku tulipofundishwa kwa hofu kubwa. Tunaomba msome hadi mwisho, hata ninyi ambao nyumbani hamna gari. Maana mnapanda magari ya wengine, watoto wenu wanapanda, na baadhi yenu waume zenu au wana wenu ni mafundi wa gereji.

Sisi ni akina mama wa kanisa moja hapa Kakonko, mkoani Kigoma. Wilaya yetu ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa wilaya ya Kibondo. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde, yenye udongo mwekundu. Barabara kuu inayotoka Nyakanazi kuja mjini kwetu ina lami, lakini ukiiacha kwenda vijijini, upande wa Muhange karibu na mpaka wa Burundi, utakutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Kanisa letu lina gari moja dogo, aina ya Toyota. Gari hilo hubeba wahubiri, hubeba maharage ya mavuno, na mara nyingi hubeba wagonjwa.

Sauti tuliyoizima kwa nyimbo

Kijana anayeendesha gari hilo alitujia mapema mwaka ule akasema, "Shikamooni mama zangu. Breki za nyuma zinalia. Naomba fedha ya brekipedi."

Mfuko wa gari ulikuwa mikononi mwa kamati yetu ya akina mama. Tulimjibu, "Mwanangu, si tulinunua za mbele mwaka jana? Hizo za nyuma zisubiri mavuno." Fedha ilikuwapo, lakini tulikuwa tumeipangia kazi ya sare za kwaya, maana sikukuu ya Pasaka ilikuwa inakaribia. Kijana alilipeleka gari gereji fulani likaangaliwe. Fundi aliinama, akachungulia kati ya matundu ya ringi, akasema pedi bado zina nyama. Tukafurahi kwamba tumeokoa fedha.

Kwa majuma matatu gari lililia. Mwanzoni ilikuwa sauti nyembamba kama filimbi, kila breki ilipokanyagwa. Baadaye ikawa mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Tulipokwenda kwenye semina vijijini tuliisikia wote. Tunaona haya kusema tulichofanya: tuliimba kwa sauti kubwa zaidi.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado nyingi, tulikuwa tunarudi kutoka semina jioni. Kijiji kimoja walitusimamisha. Mama kijana alikuwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Sisi wauguzi tuliokuwemo tulimpima, tukaona hakuna la kungoja. Wenzetu wanne walishuka wakabaki kijijini ili yeye apate nafasi ya kulala.

Tulipoanza kuteremka mlima, kijana alikanyaga breki na pedeli ikazama karibu mpaka chini. Akakanyaga tena na tena, gari likapungua kidogo tu. Mbele kulikuwa na kona, na chini ya kona bonde. Hakupiga kelele. Alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, akavuta hendibreki polepole, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka likasimama. Hapakuwa na aliyeumia. Yule mama alishika mkono wa mmoja wetu akauliza, "Tumefika?"

Hatukuwa tumefika. Tulikaa pale gizani karibu saa nzima mpaka gari la wafanyabiashara wa ndizi lilipopita likatuchukua. Mtoto alizaliwa usiku ule kwa upasuaji, wa kike, naye yu hai pamoja na mama yake. Tunamshukuru Mungu. Lakini saa ile gizani hatutaisahau, kwa sababu kila mmoja wetu alijua fedha ya zile pedi ilikuwa wapi.

Breki hufanya kazi gani?

Asubuhi iliyofuata gari lilivutwa mpaka kwa fundi mwingine, nasi watatu tulikwenda kusimama pale tuone kwa macho yetu. Tuwaeleze tulichojifunza.

Nyuma ya kila gurudumu lenye breki ya aina hii kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Hiyo ndiyo diski. Imekumbatiwa na chuma kinachoitwa kalipa, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili, moja upande wa ndani wa gari na nyingine upande wa nje. Dereva akikanyaga pedeli, oili ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, nazo pedi huibana diski. Msuguano huo ndio unaosimamisha gari.

Mwendo wa gari haupotei bure, unageuka kuwa joto. Na joto hilo haliongezeki kwa hesabu nyepesi. Mwendo ukiwa mara mbili, joto la kusimamisha gari ni mara nne. Ndiyo maana katika miteremko mirefu, kama Sekenke mkoani Singida au Kitonga mkoani Iringa, dereva mwenye busara huteremka kwa gia ndogo, injini imsaidie kulizuia gari. Anayeteremka kwa breki peke yake anazichemsha. Tena oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri inavyokaa. Ikishakuwa na maji, ikipata joto kali hutoa mvuke, na pedeli huwa laini kama godoro. Kwa sababu hiyo magari mengi hutakiwa kubadilishiwa oili hiyo kila baada ya miaka miwili hivi.

Fundi alitueleza pia kwa nini hatukufa. Njia za oili ya breki katika magari ya siku hizi zimegawanywa mbili. Upande mmoja ukivuja, mwingine hubaki na nguvu kidogo. Na hendibreki haitumii oili, inavutwa kwa waya. Kijana wetu alizitumia zote, pamoja na gia.

Kwa nini za nyuma husahauliwa

Ni kweli kwamba breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi. Gari likisimama, uzito wake huinamia mbele, kama mama aliyebeba ndoo kichwani akisimama ghafla. Kwa hiyo mara nyingi pedi za mbele ndizo huisha kwanza, na watu huzoea kuzinunua hizo tu. Lakini za nyuma nazo huisha, hasa kwenye tope letu ambalo huingiza mchanga kati ya pedi na diski, na hasa gari likijaza watu na magunia nyuma.

Hatari nyingine imejificha. Kalipa huteleza juu ya pini mbili ili pedi zote mbili zibane sawasawa. Tope na kutu vikiingia, pini hugoma. Hapo pedi ya ndani hubana peke yake na kuisha, ile ya nje ikibaki nene. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Fundi alipofungua gurudumu la nyuma la kushoto alituonyesha pedi ya nje, ilikuwa imebaki nusu. Kisha akatoa ya ndani. Haikuwa na nyama hata kidogo, ilikuwa bati tupu, limekwaruza diski mpaka ikawa na mifereji kama shamba lililolimwa matuta. Pistoni ilikuwa imetoka mno, mpira wake ukaachia, oili yote ikavuja. Yule wa kwanza aliyechungulia kwa nje aliona pedi ya nje tu.

Mama, hilo ulishike. Pedi haikaguliwi kwa kuchungulia. Gurudumu lifunguliwe, pedi ya ndani na ya nje zote zionekane. Pedi mpya huwa na nyama ya karibu milimita 10, nyingine hupungua kidogo. Zikifika milimita 3 ni wakati wa kununua nyingine. Pedi nyingi zina kijibati kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi zinapokaribia kuisha, ili kipige filimbi. Ile filimbi tuliyoifunika kwa nyimbo iliwekwa pale itusaidie.

Tulivyoona kazi ikifanyika

Fundi aliliweka gari mahali tambarare, akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha akalegeza hendibreki. Alilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki. Baada ya jeki aliweka stendi imara. Alisema jeki ni ya kuinulia na stendi ni ya kushikilia. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Alifungua bolti za kalipa upande wa kulia, akaining'iniza kwa kipande cha waya ili isivute mpira wa oili. Alitoa pedi za zamani. Alizichomoa zile pini, akazisafisha kutu, akazipaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, akiangalia isiguse pedi wala diski. Pedi ikipata grisi au oili haishiki tena.

Kisha aliirudisha pistoni ndani taratibu, akiwa amefungua kifuniko cha kopo la oili ya breki na kuangalia isifurike. Alituonya kwamba katika magari mengine pistoni za nyuma hurudi kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa sababu zimeungana na hendibreki. Fundi asiyejua hilo akizisukuma kwa nguvu, huziharibu. Upande wa kushoto, ambako oili ilivuja, alibadilisha mipira ya pistoni na kutoa hewa yote iliyoingia kwenye mfumo. Hewa ikibaki, pedeli huwa laini.

Diski zetu zilikuwa zimepungua kuliko kipimo cha mwisho kilichopigwa muhuri juu ya chuma chenyewe, ikabidi tununue mpya. Hapo ndipo tulipolipa deni la ubahili wetu. Diski mbili zilitugharimu zaidi ya mara tatu ya bei ya zile pedi tulizokataa kununua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pedi zilibadilishwa pande zote mbili, ingawa za kulia zilikuwa hazijaisha. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari huvuta upande mmoja unapokanyaga breki.

Baada ya kufunga tairi na kukaza nati kwa kupishana, fundi aliketi kwenye usukani akakanyaga pedeli mara nyingi kabla hajawasha gari. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini, kisha ikapanda ikawa ngumu. Alisema, "Mama zangu, kuna watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau jambo hili dogo." Ndipo akalijaribu gari polepole mahali patupu. Akamwagiza kijana wetu kwamba siku za kwanza asikanyage breki kwa nguvu ila pakiwa na hatari, mpaka pedi mpya zizoeane na diski.

Vumbi lile jeusi

Hapa tunasema kama wauguzi. Gurudumu lilipofunguliwa, kijana mmoja pale gereji alisogea apulize vumbi la breki kwa mdomo, kama wengi wanavyofanya. Tulimzuia.

Kwa miaka mingi pedi na lining'i za breki zilitengenezwa kwa madini yaitwayo asbesto, kwa sababu hayaungui. Nyuzi zake ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho, na zikiingia mapafuni hazitoki. Shirika la Afya Duniani linathibitisha kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, ikiwamo ya mapafu, ya ovari, na ile ya utando unaofunika mapafu iitwayo mesotelioma. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuipiga marufuku mwaka 2005, na Afrika Kusini mwaka 2008. Hatusemi kila pedi iliyopo dukani ina asbesto, nyingi za sasa hazina. Lakini kwa kuitazama tu huwezi kujua, na vumbi la breki la aina yoyote si chakula cha mapafu.

Jambo hili linatuhusu sisi wake hasa. Mwaka 1965 watafiti wawili wanawake huko London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walitoa taarifa ya wagonjwa 76 wa mesotelioma. Tisa kati yao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto. Waliishi tu na ndugu waliofanya kazi hiyo, na wengi wa hao tisa walikuwa wanawake. Habari iliyojirudia ilikuwa ya mke aliyefua nguo za kazi za mumewe.

Basi mama mwenye mume au mwana fundi, fanya hivi. Mwombe asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, bali alifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa kitupwe. Avue ovaroli kabla ya kuingia ndani na kabla ya kumbeba mtoto. Nawe usiikung'ute. Iloweke kwanza kwenye maji, uifue peke yake, mbali na nguo za watoto na nepi. Haya hayahitaji fedha.

Maswali ya kumwuliza fundi

Huna haja ya kushika spana. Uliza tu, kwa upole na bila kuona haya:

1. Je, umefungua gurudumu, au umechungulia kwa nje?
2. Pedi ya ndani imebaki milimita ngapi? Naomba niione.
3. Pini za kalipa zinateleza?
4. Diski ina mifereji? Bado ina unene unaotakiwa?
5. Oili ya breki ilibadilishwa lini, na ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake?
6. Naomba pedi za zamani niondoke nazo, zikiwa kwenye mfuko uliofungwa.

Swali la tano msilidharau. Wako wanaoongezea oili ya injini kwenye breki ili kuokoa shilingi chache. Oili hiyo huvimbisha mipira yote na kuiharibu. Na kama gari lenu nyuma halina diski bali lina dramu, ndani yake kuna viatu vya breki badala ya pedi. Hapo pini na kalipa hamtaviuliza, lakini dramu nayo ifunguliwe ionekane ndani.

Ukingo wa dari

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8, Mungu aliwaagiza watu wake kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Siku zile watu walikaa na kulala juu ya dari. Ukingo haukuwa pambo, wala mgeni hakuusifu. Ulikuwa gharama tu, mpaka usiku mtoto alipotembea na usingizi.

Tulisoma mstari huo katika kikao cha kamati, nasi tukamwita yule kijana dereva tukamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama zangu, mimi pia nilikosa. Ningekataa kuliendesha." Tangu hapo tumekubaliana kwamba neno lake kuhusu breki na tairi halipigiwi kura. Akisema gari lisiende, haliendi, hata kama mgeni wa semina ni askofu. Na fedha ya breki, za mbele na za nyuma, hutengwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Pasaka ile kwaya iliimba na sare za zamani. Hatukusikia mtu akilalamika. Yule mama wa kijijini alikuwapo, ameketi benchi la mbele, mtoto amefungwa kwa kitenge mgongoni, amelala.

Bwana awabariki, awalinde njiani.